Karatasi Inayokula Mafuta

2 Februari

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumai barua hii inakukuta na afya, unakula, unalala, na kile kikohozi ulichoondoka nacho kimekuacha. Mimi mzima, ila mgongo, na mgongo wangu unaujua: ukiusikiliza, hufanyi kazi.

Utashangaa naandika barua na simu ninayo. Simu ina masikio. Ukuta kati ya chumba changu na karakana ni mbao tupu, na ninachotaka kukwambia hakitakiwi kuvuka kwenda upande wa pili, alipo Ulimi.

Ndiyo, Ulimi wetu huyohuyo. Fundi aliyeletwa na marehemu baba yako miaka kumi na tisa iliyopita, kabla hata wewe hujazaliwa, akakoroga sabuni humu ndani mpaka tukasahau kwamba si ndugu. Watu walimpa jina hilo kwa sababu huonja sabuni kwa ncha ya ulimi ajue kama imeiva, na wakalipenda zaidi kwa kuwa maneno hana. Sasa nisikilize. Pipa la mafuta lililokuwa likituchukua wiki tano, siku hizi haliifikii wiki ya tatu. Kazi ni ileile, kalibu la kumwagia sabuni ni lilelile. Panya hanywi pipa, mwanangu.

Halafu kuna la dobi wa pale kona. Katikati ya Januari alikuja kunionyesha mikono, imebabuka hadi kwenye viwiko, ngozi inatoka kama ganda la kitunguu. Sabuni yetu. Tangu karakana hii ifunguliwe, haijawahi kumtoa mtu hata kipele. Mafuta yanapungua, sabuni inaunguza, na anayesimama kati ya mafuta na sabuni ni mtu mmoja. Kikulacho ki nguoni mwako.

Wewe ndiye unayesoma kemia. Nitafutie humo kwenye vitabu vyako njia ya kumshika mtu bila kumuuliza. Nikimuuliza atajua namshuku, atajificha. Nikikosa jibu lako nitampeleka kituoni na hayahaya ninayoyajua.

Barua hii ukishaisoma usiiache mezani.

Mama yako


9 Februari

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, kikohozi kimeisha, na kula nakula, ingawa wanaotupikia hapa chuoni wangefaa zaidi kuchanganya saruji. Pole na mgongo. Uulaze mchana hata nusu saa.

Mjomba Ulimi mwizi? Nimeisoma barua yako nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena. Huyu ndiye aliyenishikia baiskeli mpaka nikajua kuendesha, akajikwangua goti na asimwambie mtu. Ila najua hukuniuliza habari za baiskeli, umeniuliza kemia. Basi nitakujibu kemia, na itabidi univumilie, kwa sababu hapa wametuanzisha upya kabisa. Mwalimu wetu tunamwita Tone, maana maneno yake hudondoka moja moja, na tone lake la kwanza lilikuwa atomi.

Kila kitu, Mama, kuanzia pipa la mafuta hadi huo mgongo, kimejengwa kwa chembe ndogo mno ziitwazo atomi. Katikati ya atomi pana kiini, na ndani ya kiini mna protoni, zenye chaji chanya, pamoja na nyutroni, zisizo na chaji yoyote. Nje ya kiini zinazunguka elektroni, zenye chaji hasi, zimepangwa kwa matabaka. Tabaka la kwanza halichukui zaidi ya mbili. La pili linachukua nane. Idadi ya protoni ndiyo inayotuambia hii ni atomi ya kitu gani: yenye kumi na moja ni sodiamu, haiwi nyingine. Sasa zipange elektroni zake kumi na moja. Mbili, halafu nane, halafu inabaki moja peke yake huko nje.

Hiyo moja ndiyo yenye maneno. Sodiamu haitulii mpaka imeitoa. Klorini nayo ina saba nje, inatafuta ya nane. Ukiitupa sodiamu tupu majini inalipuka, na klorini tupu ukiivuta puani inaua. Zikikutana, moja ikatoa na nyingine ikapokea, unapata chumvi unayokolezea mboga. Na kostiki yetu, yale magadi makali tunayopikia sabuni, vilevile ni sodiamu, iliyoungana na oksijeni na haidrojeni. Inaunguza mpaka ipate mafuta ya kushikana nayo.

Ninachotaka kusema ni kwamba kitu kikiunguza, si lazima adui awe amekitia. Pengine kimekosa mwenzake tu. Niandikie Mjomba anavyofanya kazi siku hizi, hatua kwa hatua, usiruke kitu. Na tafadhali usiende kituoni. Haraka haraka haina baraka.

Binti yako


17 Februari

Mwanangu,

Salamu. Nimefurahi kikohozi kimekwisha. Mimi bado nipo, na mgongo bado upo, tunaishi pamoja.

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu kwa miwani. Hiyo atomi, mwalimu wenu ameiona kwa macho yake? Mtu akiniambia kitu kipo lakini hakionekani, kwanza naangalia mikono yake iko wapi. Ila huyo sodiamu anayehangaika kumtoa mmoja wake wa nje nimemwelewa vizuri sana. Jirani yetu wa nyuma yuko hivyohivyo na mpangaji wake.

Sasa kazi, hatua kwa hatua, kama ulivyotaka. Asubuhi mimi ndiye ninayepima kostiki. Tangu mwanzo wa Januari ufunguo wa stoo unalala shingoni mwangu, na sababu hukuijua kwa kuwa ulikuwa umeshaondoka. Ile karatasi ya vipimo uliyobandika mlangoni mwa stoo, Ulimi alikuwa haifuati. Nilimkuta anachota kostiki kwa kopo lake la maziwa, lile lililoanza kuota kutu ukiwa darasa la tatu. Nilimfokea hadi nikasikia huruma katikati. Nikamwambia mtoto ameketi siku nzima kutuandikia vipimo vya kisomi, wewe unachota kwa kopo? Nikalinyakua, nikalitupa jalalani. Akasimama mbele ya karatasi muda mrefu, akaniuliza, "Mama, una hakika?" Nikamwambia mwenye hakika ni aliyeandika, wewe fuata.

Tangu siku hiyo napima mwenyewe kwenye mizani, namkabidhi, anaingia anafunga mlango. Anasema anazuia mvuke usije chumbani kwangu. Miaka kumi na tisa mvuke haukuwa unakuja? Nimepata tundu kwenye mbao, nachungulia. Anatia mafuta, anakoroga, anaonja, anatema. Anakwenda kwenye pipa, anarudi. Anaonja tena, anatema, anakwenda tena. Mgongo wake unaniziba nisione amebeba nini.

Miche inatoka ishirini na minne kwa kalibu, kama zamani, lakini imenenepa. Dobi ananitania kwamba siku hizi tunauza matofali. Wewe ona ujanja huo: anachota mafuta, anajaza maji, ili macho yangu yashibe nisihesabu pipa.

Juzi nikamrushia neno kwa mbali. Nikasema, mafuta ya mwaka huu yana mbio. Alifuta mikono taratibu, akasema, "Karatasi hii inakula mafuta, mama." Akatoka.

Mwanangu, mimi ni mtu mzima. Karatasi inakula mafuta? Inakula kwa mdomo upi? Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wenyewe ndio huo: kuisingizia karatasi ya mwanangu. Hapo ndipo aliponimaliza.

Nijibu upesi.

Mama yako


24 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Huku salama, ila mitihani imeanza kunukia. Natumai umeulaza mgongo kama nilivyokuomba, ingawa najua hukuulaza.

Nimekaa na barua yako jioni mbili, nikiweka kemia upande mmoja na Mjomba upande wa pili. Nitakuandikia nilichokipata, na kimeniuma.

Atomi zikishikana tunapata molekuli. Molekuli zikikutana na kubadilishana atomi, hilo ndilo badiliko la kikemia, na tunaliandika kwa mlinganyo: vilivyoingia kushoto, mshale, vilivyotoka kulia. Maji kwa mfano, 2H₂ + O₂ → 2H₂O. Hesabu mwenyewe. Kushoto haidrojeni nne na oksijeni mbili. Kulia haidrojeni nne na oksijeni mbili. Usipozisawazisha, mwalimu Tone anakurudishia daftari bila kusema kitu. Atomi hazizaliwi chunguni wala hazifii humo, zinabadilisha majirani tu. Kilichoingia lazima kitoke.

Sasa sabuni. Molekuli ya mafuta ina mikono mitatu, na kila mkono unahitaji kostiki yake. Kwa hiyo mafuta moja na kostiki tatu vinatoa sabuni tatu na gliserini moja. Ukitia kostiki mbili, mkono mmoja unabaki mtupu na sabuni inakuwa laini. Ukitia nne, ya nne inakosa wa kuishika, inazurura ndani ya mche mpaka ikutane na ngozi ya dobi.

Kipimo changu nilikipiga kwa hesabu hiyo: kilo tano za mafuta, nusu mawese nusu nazi, kwa robo tatu ya kilo ya kostiki. Hapo mafuta yanabaki kidogo kwa usalama. Kwa kipimo hicho hakuna wa kuungua. Dobi aliungua, maana yake kostiki ilikosa mafuta ya kutosha. Kostiki unapima wewe, haiwezi kuzidi. Basi mafuta yalipunguzwa kabla hayajafika chunguni. Nimeupindua mlinganyo huu kila upande, Mama, na kila upande unasema kuna mtu alichota.

Nilimwonyesha mwalimu Tone hesabu zangu. Akaniuliza, "Karatasi umeiona?" Nikamwambia nimeiandika mimi. Akasema, "Sikuuliza hivyo." Basi ili nimridhishe, ninakilie maneno ya karatasi kama yalivyo mlangoni.

Binti yako


1 Machi

Mwanangu,

Salamu, mimi mzima. Sitaandika mengi.

Nilikuwa nasoma barua yako vizuri hadi nilipofika kwenye "robo tatu". Nikavaa miwani nikaenda mlangoni. Karatasi inasema hivi: Mafuta 5. Kostiki kilo moja na robo tatu. Maji 2. Ndivyo ninavyopima tangu Januari, kilo moja na robo tatu, kila siku ya kazi.

Wakati nasoma, Ulimi alikuwa anakoroga. Aliponiona pale mlangoni, mwiko ukasimama. Tulitazamana tu, halafu akaendelea kukoroga.

Umesahau ulichoandika, au kuna mkono wa mtu hapa?

Mama yako


5 Machi

Mama,

Shikamoo. Nakuandikia nje ya darasa, barua iwahi posta.

Sijasahau. Sijawahi kuandika kilo moja na robo tatu, wala nisingeweza, hata usingizini. Niliandika robo tatu. Mtu ameongeza hiyo moja, na anayeshinda mbele ya ule mlango ni mmoja. Sasa nimeelewa yote. Alikasirika ulipomtupia kopo lake jalalani, akataka kipimo changu kionekane cha kijinga, akaiharibu karatasi ili sabuni iunguze na wewe urudi kumbembeleza. Na juu ya hayo akachota mafuta.

Mimi ndiye niliyekuwa namtetea. Simtetei tena. Fanya unaloona linafaa, ila karatasi usiichane. Ibandue polepole, unitumie, nitaupeleka mwandiko kwa mtu anayejua wino. Kuanzia leo pima robo tatu.

Mwanao


16 Machi

Mwanangu mpendwa,

Salamu. Natumai hujambo na mitihani inakwenda. Mimi sijambo, ingawa wiki hii sikula vizuri.

Limekwisha. Siku barua yako ilipofika nilimwita dobi aje na mikono yake, nikamwita na askari. Nikamleta Ulimi mbele ya mlango. Nikamuuliza, "Mwandiko huu wa nani?" Akauangalia, halafu akaniangalia mimi, akaniangalia kwa muda ambao sikuupenda. Akasema, "Wa mtoto." Nikamwambia mtoto anasema hakuandika hiyo moja. Nilidhani atabisha, nilikuwa nimejiandaa kwa kubishiwa. Alivua aproni akaikunja, akasema, "Basi, kama mama amesema hivyo." Hakufungua tena mdomo, si kwangu wala kwa askari.

Wamemweka kituoni siku mbili. Nyumbani kwake walipekua hadi chini ya kitanda, hawakukuta hata chupa ya mafuta, wakamwachia. Mwizi wa miaka mingi hawezi kukosa pa kuficha, hilo nilimwambia askari. Kazi nimemwachisha. Mkewe alinipita sokoni kama anayepita nguzo.

Na ushahidi ninao, usifikiri sina. Tangu aondoke napima robo tatu, nakoroga mwenyewe, na pipa halishuki. Limerudi kwenye mwendo wake wa zamani kabisa. Kaondoka mtu, mafuta yametulia. Sabuni nayo haiunguzi. Ila miche imekonda, kalibu halijai kama lilivyokuwa, na wateja wananiuliza nimewapunja nini. Nadhani ni mkono wangu, bado haujazoea.

Karatasi imo humu. Niliibandua kwa mvuke wa birika, haikuchanika hata pembe.

Mama yako


4 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo. Natumai una afya. Mimi mwili mzima.

Bahasha yako ilinifikia tarehe ishirini na mbili mwezi uliopita. Nimekaa nayo siku kumi na tatu. Si kwamba nilikuwa na mitihani. Nilikuwa naogopa kukuandikia.

Mwandiko ni wangu wote. Hakuna mtu aliyeugusa.

Nimeandika hivi, chukua miwani usome herufi kwa herufi: "Kostiki: K 1 Na ¾." Kila elementi, Mama, ina alama yake, na nyingine zimetoka kwenye majina ya lugha ya kale ambayo hakuna anayeizungumza. Alama ya potasiamu ni K. Alama ya sodiamu ni Na, N kubwa, a ndogo. Nilimaanisha: ukitumia kostiki ya potasiamu, ya kutengenezea sabuni ya maji, weka kilo moja; ukitumia hii yetu ya sodiamu, weka robo tatu. Kostiki ya potasiamu hatujawahi hata kuinunua. Sabuni ya maji ilikuwa mipango ya kuzungumza tu mezani. Lakini nilikuwa nimetoka kuzikariri zile alama, nikataka hata mlango wa stoo ujue kwamba nazijua.

Sasa isome kama mtu yeyote anayejua Kiswahili. K moja na robo tatu. Kilo moja na robo tatu. Wewe ulisoma hivyo, Mjomba alisoma hivyo, na hakuna kati yenu aliyekosea kusoma.

Ulipotupa kopo, ulianza kumpa kostiki zaidi ya mara mbili. Siku ya kwanza aliipika kama ulivyomwamuru, na hiyo ndiyo sabuni iliyombabua dobi. Baada ya hapo kostiki ilikuwa imefungiwa, ufunguo shingoni mwako, na uliyompimia ulimwamuru aitie yote, hakuweza kuipunguza. Kilichokuwa wazi ni pipa. Robo tatu inataka kilo tano za mafuta. Kilo moja na robo tatu inataka kilo kumi na moja na ushei. Alikuwa anaonja, inamchoma, anatema, anaongeza mafuta, anaonja tena, mpaka isimchome. Hata mlango alikuwa anaufunga kweli kwa ajili ya mvuke, maana kostiki ikizidi, mvuke wake nao unazidi. Mimi nina mlinganyo na nilipotea. Yeye alikuwa na ncha ya ulimi, akafika palepale penye hesabu. Na alikwambia, Mama. Alisema karatasi inakula mafuta. Mwalimu Tone nilipomsimulia alisema katika darasa letu zima hakuna aliyewahi kulieleza jambo hilo kwa usahihi huo.

Hakuna tone lililotoka nje ya karakana. Mafuta yote yalikuwa ndani ya miche. Uliniandikia imenenepa, ukaniandikia watu wanaiita matofali, nami nilikuwa nimekuandikia kwa mkono wangu kwamba kilichoingia lazima kitoke, halafu sikukwambia hata uiweke miche kwenye mizani. Nilishika mlinganyo kwa upande ulionipendeza.

Nenda kwake, Mama. Mpe barua hii aisome au umsomee. Mwambie ni mimi. Naona aibu mpaka chakula hakipiti.

Binti yako


19 Aprili

Mwanangu,

Salamu zangu. Kula. Aibu haipungui kwa njaa, nimejaribu.

Barua yako niliisomea karakana, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na nilipomaliza sikuweza kuinuka mara moja, na safari hii haukuwa mgongo. Usijibebeshe yote. Wewe uliandika alama mbili. Mimi nilitafuta tundu kwenye mbao nikachungulia mwezi mzima, na nilichokiona kila siku ni mtu anayeokoa sabuni yangu.

Nilikwenda kwake Jumapili. Mkewe alinifungulia, hakunikaribisha wala hakunifukuza, akaniacha mlango wazi. Ulimi alikuwa uani anabana mguu wa kiti uliolegea. Nikamwamkia mimi kwanza. Nikamwambia nina barua ya mtoto, naomba nimsomee. Aliendelea na kiti chake huku akisikiliza. Nilipofika kwenye K na Na aliomba kuona, nikamwonyesha. Akatabasamu kidogo, akasema, "Kumbe."

Nilisoma hadi mwisho. Nikamwambia nisamehe, nikamwambia kazi yako ipo, nitasimama mbele ya dobi na mtaa mzima niseme nilikosea. Akaweka nyundo chini. Akaniuliza, "Kwa hiyo mama hukujua?"

Nikasema sikujua.

Akasema, "Mimi nilidhani unajua. Siku ile mlangoni, mbele ya askari, nilidhani umeshagundua karatasi ina kosa na unamfichia mwanao aibu. Nikasema moyoni, ni sawa, mtoto ndio kwanza anaanza chuo, hata mimi ningemficha. Ndiyo maana nikanyamaza. Siku mbili pale kituoni nililala vizuri."

Akanitazama tena, kama alivyonitazama siku ile.

"Sasa unaniambia uliamini kweli. Miaka kumi na tisa, halafu ukaamini kweli."

Mwanangu, ningeweza kudanganya. Nilifikiria kusema ndiyo, nilijua, nilikuwa namficha mtoto. Angenisamehe palepale, angevaa aproni kesho yake. Lakini barua yako ilikuwa mkononi mwangu na nilikuwa nimeshaisoma yote kwa sauti. Nikasema, "Ndiyo. Niliamini."

Akatikisa kichwa polepole. Akaniuliza mikono ya dobi inaendeleaje. Nikamwambia imepona. Akasema, "Alhamdulillahi, hilo ndilo lilikuwa linanisumbua." Akachukua nyundo akarudi kwenye kiti, na mkewe akanisindikiza hadi barabarani.

Nimesubiri wiki hii yote. Kila asubuhi naacha mlango wa karakana wazi hadi saa tatu, kisha naanza kazi. Hajaja, na sidhani kama atakuja. Robo tatu nazipima vizuri. Kuonja nimejaribu mara moja, nikaunguza ulimi, na sikujua kama ilikuwa imeiva au la.

Ukifunga chuo njoo moja kwa moja nyumbani. Sufuria la sabuni lina vishikio viwili na mimi nashika kimoja.

Mama yako